Kabla hujazama, ulizia filta!

Pale kijiweni kwetu ukisema fulani kazamia, swali linalofuata ni moja tu: kazamia wapi, Sauzi au Ugiriki? Hao ni wazamiaji wa meli na habari zao mnazijua. Leo, mpenzi msomaji, nawaletea wazamiaji wa kweli, wale wanaovaa mtungi mgongoni, wakabinuka kinyumenyume kutoka kwenye boti na kwenda kuwasalimia samaki huko huko nyumbani kwao.

Kazi yao inapendeza bwana! Ukipita Nungwi au Kendwa, au kule Utende kisiwani Mafia, utawaona vijana wenyewe. Miwani ya jua, nywele zimepigwa na chumvi, Kiingereza kinatiririka, Kitaliano cha kuombea maji kipo. Nami nilipovuka kwenda kaskazini ya Unguja mwanzoni mwa Juni 2023, nia yangu ilikuwa kuandika juu ya raha hiyo.

Kumbe habari yenyewe ilikuwa uani. Nyuma ya kituo kimoja cha kuzamia, ambacho jina lake nalihifadhi, kuna banda la makuti lenye kelele ambalo hakuna mtalii anayelipiga picha. Humo ndimo inamokaa mashine inayosindilia hewa kwenye mitungi. Watu wanaiita kompresa. Ikiwa nzima, mzamiaji anarudi na hadithi za kasa. Ikiwa na kasoro, anaweza asirudi kabisa, na wala asijue kimempata nini.

SI YA KUJAZIA TAIRI

Usije ukaichanganya na ile ya fundi tairi wa mtaani kwenu. Tairi la gari dogo linatosheka na baa mbili na ushee (baa ni kipimo cha msukumo, si ile ya kunywea!). Mtungi wa mzamiaji unataka baa 200. Yaani karibu mara mia ya tairi. Mtungi wa lita 12 ukijazwa hivyo unameza kama lita 2,400 za hewa ya huku juu. Ukiifungulia yote kwa pamoja inatosha kujaza choo cha nyumba ya kupanga uswahilini, kuanzia sakafu hadi bati.

Na hewa yenyewe ni hii hii. Mitaani wanaiita "mitungi ya gesi", wengine wanadhani ni oksijeni kama ya wodini. Wapi! Ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, na hiyo moja iliyobaki ni vikorokoro vingine. Unachovuta chini ya bahari ndicho mashine ilichovuta pale uani. Hilo likae kichwani, maana habari yote ya leo inazunguka hapo.

Kusindilia huko hakufanyiki kwa mkupuo mmoja. Mashine ndogo za kituo, kama zile za Bauer kutoka Munich, Ujerumani, au Coltri za Italia, zina hatua tatu au nne. Pistoni kubwa inaanza, inampa mwenzake mdogo, naye anampa mdogo zaidi, kama watu wanaopokezana ndoo za zege. Kila hatua hewa inapata moto, kwa hiyo inapitishwa kwenye bomba la kupozea na feni inaipulizia. Ikipoa inatoa maji, na maji hayo yanatakiwa kumwagwa. Mwisho inaingia kwenye filta, ndipo inakwenda mtungini. Mashine ya kutoa lita 100 kwa dakika inajaza ule mtungi wa lita 12, ukiwa mtupu, kwa dakika 24 hivi.

MKAA NDANI YA MTUNGI

Sasa hatari iko wapi? Nani kati yetu hajasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani, milango imefungwa, asubuhi majirani wakavunja mlango? Kilichowaua hakinuki, hakionekani wala hakiwashi koo. Kinaitwa kaboni monoksaidi. Damu yetu inaipenda hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni, basi ikishaingia inakaa kwenye viti vyote na oksijeni inabaki imesimama mlangoni.

Hewa hiyo hiyo imo kwenye moshi wa jenereta, wa gari na wa injini ya petroli inayoendesha kompresa zenyewe. Kompresa ikivuta moshi huo, inausindilia mtungini pamoja na hewa njema. Na huko chini mambo yanazidi. Kwenye kina cha mita 10 msukumo ni mara mbili ya huku juu, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Sumu ambayo ungeivuta juu ukaambulia kichwa kukugonga, huko chini inakupiga mara nne.

Tena ina hila. Mzamiaji anaweza kujiona yuko sawa akiwa chini, kwa sababu oksijeni nayo imesindiliwa na inamsaidia. Anapoanza kupanda, msaada huo unapungua, sumu inabaki. Kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Mtu akichanganyikiwa huko majini hakuna kiti cha kumkalisha.

Ndiyo maana wenzetu wa Ulaya, kwenye kiwango chao kiitwacho EN 12021 cha mwaka 2014, wameruhusu chembe 5 tu za kaboni monoksaidi katika kila chembe milioni za hewa ya kuvuta.

KUSI IMEINGIA

Kituo hicho kilikuwa kimefungwa wakati wa masika. Wiki hiyo ndiyo kilikuwa kinafunguliwa tena. Asubuhi umeme ukakatika, kijana wa zamu akawasha jenereta, kompresa ikanguruma. Wageni wanne walishavaa nguo za mpira wanasubiri boti.

Fundi wao akaingia. Mzee wa makamo, kofia ya kiua, shati lina oili tangu kola. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba bila kunitazama. Hakushika spana wala hakugusa mashine. Alisimama mlangoni akitazama moshi wa jenereta unakokwenda. Kisha akamwambia kijana neno moja: "Zima."

Jenereta liko kusini ya banda. Mdomo wa mpira unaovutia hewa ulikuwa umefungwa kwenye nguzo upande wa kaskazini, tangu Januari. Wakati huo ilikuwa sahihi kabisa. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, unauchukua moshi na kuupeleka mbali na mpira. Lakini Juni hakuna kaskazi. Kusi imeingia, upepo umegeuka, na moshi wote wa jenereta ulikuwa unapita juu ya banda na kwenda moja kwa moja kwenye ule mdomo. Hakuna kilichoharibika. Mashine nzima, mpira mzima, jenereta zima. Kilichobadilika ni msimu.

Mitungi minne ilikuwa imeshajaa. Fundi akachukua kimita kidogo cha kupimia kaboni monoksaidi, akafungulia mtungi wa kwanza kidogo. Namba ikapanda hadi 20. Fanya hesabu mwenyewe: kwenye mita 30, hiyo ni sawa na kuvuta 80 huku juu. Akaifungulia yote minne, ikapiga miluzi hadi ikaisha.

Meneja akaja juu. Wageni wanangoja, boti inangoja, mafuta yameungua bure! Fundi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Bwana, hizo pesa zitarudi." Hakuongeza. Meneja akaenda kuwaomba radhi wageni.

Nilipomuuliza ile elimu ya upepo aliipata wapi, akacheka. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi. Kwenye jahazi kuna upande wa joshini, ambako upepo unatoka, na upande wa demani, ambako upepo unakwenda. "Pumzi huchukuliwa joshini, moshi huachwa demani," akaniambia. "Basi. Hayo mengine ni spana tu, mwanangu."

Ukiona ni jambo dogo, kumbuka Unguja ilivyokaa gizani kisiwa kizima kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi mitatu hiyo jenereta lilikuwa kama mwanafamilia, kila uwani linanguruma. Na hadi leo, bara na visiwani, umeme ukienda ndilo kimbilio. Penye jenereta na kompresa pamoja, swali la upepo unatoka wapi liulizwe kila siku.

Kingine, msiunge mpira kiholela. Kuna anayedhani dawa ni kuchukua mpira wa kumwagilia bustani, mita 20, akaurefusha hadi ufukweni. Mpira mrefu ukiwa mwembamba unaikaba mashine, inahema kwa shida, inapata moto. Ukiurefusha, uupanue. Kitabu cha mashine kinasema kiasi gani.

FILTA SI DAGAA

Boti ilipoondoka, saa mbili baadaye, Fundi akanikaribisha kwenye kibao. Akanionyesha filta, kopo refu lililofungwa ndani ya mtungi wa chuma. Ndani yake kuna tabaka. Moja ni punje zinazonyonya unyevu. Nyingine ni mkaa maalumu unaonasa harufu na mvuke wa oili. Kwa mashine zinazotumia injini huwekwa pia hopkalaiti, mchanganyiko wa oksaidi za manganizi na shaba, unaoigeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Jina hilo limeunganishwa kutoka kwenye vyuo vikuu viwili vya Marekani, Johns Hopkins na California, ambako ilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Lakini hopkalaiti ikilowa, kwisha kazi. Kwa hiyo punje za unyevu zikishiba, kila kilicho nyuma yake kimekufa, ingawa kopo kwa nje linang'aa kama lilivyotoka dukani.

Na hapa pwani zinashiba upesi. Hewa ya nyuzi 20 iliyojaa unyevu inabeba kama gramu 17 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 30 inabeba kama gramu 30. Umri wa filta uliopigiwa hesabu kwenye baridi ya Munich si umri wake Nungwi. Kitabu cha mashine kina jedwali la kupunguza saa kadiri joto linavyopanda, na Fundi amelibandika ukutani.

Chini ya jedwali kuna daftari lililofungwa kwa kamba. Tarehe, saa za mashine, mitungi mingapi, joto la banda, filta imewekwa lini. Mwandiko wa kijana wa zamu, sahihi ya Fundi.

Nikauliza kama ni kweli kuna watu wanaoanika filta iliyokwisha. Akatikisa kichwa. Wapo, wanazitoa na kuzitandaza juani kama dagaa, jioni wanazirudisha. Jua haliwezi kazi hiyo. Punje zile zinahitaji joto la tanuri, zaidi ya nyuzi 200, na mkaa uliokwishashiba oili haurudi kuwa mkaa mpya. Hata filta mpya usiifungue kwenye pakiti yake mapema, maana unyevu wa bahari utaila ikiwa kabatini.

FUNDI AKIFUNGUA KICHWA

Siku ya pili nilimkuta anafungua mashine nyingine, iliyoletwa kutoka kwingine. Ugonjwa: mtungi uliokuwa unajaa kwa dakika 24 sasa unachukua 40, na mashine inachoma kama jiko.

Hakukimbilia spana. Alianza na geji. Msukumo wa hatua ya kwanza ukipanda kuliko kawaida, mara nyingi valvu ya hatua ya pili inavuja, inairudishia ya kwanza mzigo. Kama daktari anayekupima presha kabla hajakupasua. Halafu akakandamiza mkanda kwa dole gumba, usiwe umelegea wala kukaza kupita kiasi. Akatazama mshale wa kuonyesha mzunguko, kwa sababu mota kubwa ya umeme ikiunganishwa waya vibaya baada ya matengenezo inazunguka kinyume, feni inapuliza ovyo na mashine inajipika yenyewe.

Kisha akafungua kichwa cha hatua ya mwisho. Valvu nyeusi tii, imeganda masizi. Akachovya kidole kwenye oili, akanusa, akauliza iliyotiwa ni ya wapi. Aliyeileta akajibu kwa fahari kuwa ni ya gari, mpya kabisa, ya dukani. Hapo nikaona Fundi amekasirika kwa mara ya kwanza.

Kompresa ya hewa ya kuvuta ina oili yake maalumu. Oili isiyo yake inaungua kwenye joto lile, inaacha masizi, valvu haikai sawasawa, joto linazidi, oili inaungua zaidi. Na oili inayoungua inazaa kaboni monoksaidi ndani ya mashine yenyewe. Umeshika nukta? Hata mpira ungeuweka katikati ya bahari kwenye upepo safi, mtungi bado utajaa sumu.

Akabadili valvu na oringi zake. Vyuma akaviosha kwa maji ya sabuni akavikausha. Petroli hakuigusa, kwani mvuke wake ungeishia kwenye pafu la mtu. Nati akazikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo. Akamwaga oili yote, akatia inayotakiwa. Akawasha bila mzigo, akapaka povu la sabuni kwenye viungo kutafuta penye kuvuja. Penye kuvuja hakukaza. Alizima kwanza, akatoa msukumo wote, ndipo akagusa. Hewa ya baa 200 haina mzaha, ikichomoka na nati inaondoka na jicho.

Kila baada ya dakika 15 alifungulia koki za maji. Yakatoka meupe kama maziwa, maji na oili vimechanganyika, akayakinga kwenye dumu. Hayamwagwi baharini. Yangetoka meusi au ya kutu, angezima tena. Hewa ya mwanzo akaiachia iende zake, akapima kwa kimita, ndipo akaruhusu mtungi wa kwanza. Na ulijazwa taratibu, maana mtungi ukijazwa mbio unapata moto, ukipoa msukumo unashuka, mteja anadhani umempunja!

ANAYEVUTA ZAIDI NI NANI?

Jamani, tusidhani haya ni mambo ya wazungu. Mtalii anakuja wiki moja, anazama mara sita, anapanda ndege. Kijana wetu anayemwongoza anazama mara mbili kwa siku, msimu mzima, mwaka baada ya mwaka. Mtungi ni wa banda lile lile. Moshi kidogo, oili kidogo, kichwa kinauma kila jioni, anameza panadoli na kusema ni jua.

Na anayejaza mitungi mara nyingi ni kijana mdogo kuliko wote, mshahara mdogo kuliko wote, aliyefundishwa kitu kimoja tu: washa hapa, zima hapa. Akisema filta imekwisha, anaambiwa bado nzima, zidisha siku mbili. Hapo ndipo pana kasheshe. Maisha ya watu kumi yamo mikononi mwa mtu asiye na ubavu wa kusema hapana.

Basi wewe mzamiaji, uwe mgeni au mwenyeji, msaidie. Uliza daftari la filta, aibu ya nini? Uliza mpira unavutia hewa wapi na leo upepo unatoka wapi. Uliza kimita kiko wapi. Nusa hewa ya mtungi kabla hujaondoka: ikinuka oili au moshi, usizame. Ila isiponuka usijidanganye, ile yenyewe hainuki, kimita ndicho kinachojua. Ukiwa majini kichwa kikaanza kugonga wewe na mwenzako kwa pamoja, pandeni taratibu kama mlivyofundishwa, mpewe oksijeni safi na kupelekwa hospitali, na mitungi ile isimwagwe, ipimwe.

Nawe mwenye kituo, yule kijana wa banda mpe daftari, mpe kimita, na umpe ruhusa ya kuzima mashine hata kama wageni wamekwishavaa. Akitoa mitungi minne kwenda hewani, usimkate mshahara. Mpe mkono.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaletea ya wapiga picha wa harusi. Hadi hapo, mtakaozama mzame salama, na mtakaobaki nchi kavu jiko la mkaa lilale nje!